Mjamzito akizidiwa usiku, nani analipia gari?

Kwenye ramani, Mbwawa ni kata ya Kibaha Mjini. Lakini mama mwenye mimba ya miezi minane akianza kutokwa damu saa nane usiku, Hospitali ya Tumbi inakuwa karibu au mbali kutegemea nani mtaani ana gari, nani atapokea simu na nani ana hela ya mafuta. Bodaboda wapo, ila mama anayetokwa damu hapaswi kupakiwa kwenye pikipiki.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba wajawazito hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu. Familia inachelewa kuamua, mgonjwa anachelewa kufika, na akishafika anachelewa kupata huduma. Wakunga wa Tanzania wanafundishwa jambo hili mpaka leo. Ucheleweshaji wa pili, ule wa njiani, ndio uliozaa mfumo unaoitwa m-mama.

Majaribio yake yalifanyika Sengerema na Shinyanga. Fedha zilitoka kwa Vodafone Foundation, ambao ni mfuko wa hisani wa kampuni ya simu, na kazi ilifanywa pamoja na mashirika yasiyotafuta faida ya Touch Foundation na Pathfinder, pamoja na Serikali. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mfumo huo rasmi kwa ajili ya nchi nzima.

Namna unavyofanya kazi haihitaji simu janja. Mume, mama mkwe au jirani anapiga 115, bure. Anayepokea anauliza dalili na mahali mgonjwa alipo. Programu kwenye kompyuta yake inamsaidia kujua hali ni ya hatari kiasi gani, apelekwe kituo gani na gari gani liko karibu. Gari la wagonjwa likikosekana anapigiwa dereva jamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Dereva akishamfikisha mgonjwa, malipo yake yanaingia kwa M-Pesa. Familia haitoi hata shilingi. Huduma hiyo ni ya wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga wasiozidi siku 28.

Hapo hakuna mtambo wowote mgeni. Simu zilikuwepo, M-Pesa ilikuwepo, na magari yalikuwa yamelala uani kwa watu. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia miaka ya kujaribu na kukosea, na hiyo ni gharama ambayo mfanyabiashara haigusi kwa urahisi, kwa kuwa abiria mwenyewe halipi nauli.

Ucheleweshaji wa tatu ni ule wa ndani ya wodi. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaua haraka, na kwa miaka mingi mkunga alikuwa akikadiria damu kwa macho. Kina mama wa pwani hawatashangaa kusikia kwamba kifaa kimoja cha kupimia kilikuwa kanga. Utafiti uliofanyika Kigoma na kuchapishwa mwaka 2005 uliwatumia wakunga wa jadi waliofundishwa kwamba kanga mbili zikilowa chapachapa, damu imezidi nusu lita na dawa itolewe mara moja. Kanga zetu zina ukubwa unaofanana, ndiyo maana zilifaa kuwa kipimo.

Wazo hilohilo limerudi kwa sura ya mfuko wa plastiki. Mama akishajifungua, mfuko unawekwa chini yake, damu inatiririkia ndani, na mistari iliyochorwa inaonyesha imefika mililita ngapi. Ikifika kiwango cha hatari, mkunga hasubiri: anasugua mji wa mimba, anatoa dawa za kuubana na za kuzuia damu, anaweka dripu na kuchunguza damu inatoka wapi. Yote yanafanywa kwa mkupuo, badala ya kujaribu moja na kungoja matokeo.

Mfuko huo na utaratibu wake vilipimwa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, chini ya Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza na kwa fedha za mfuko wa hisani wa Bill na Melinda Gates. Kwa upande wa Tanzania alikuwepo Dk. Fadhlun Alwy Al-Beity wa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Wanawake zaidi ya 200,000 walihusika. Matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalionyesha kwamba hospitali zilizotumia mfuko ziligundua asilimia 93 ya wanaotokwa damu kupita kiasi, wakati zile za kukadiria kwa macho ziligundua asilimia 51 tu. Matatizo makubwa, kifo kikiwemo, yalipungua kwa asilimia 60.

Tanzania ina mfano mwingine wa kwake. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, watafiti walifanya kazi kwa miaka mingi na Laerdal Global Health, kampuni ya Norway iliyoanzishwa bila lengo la faida. Vikatoka vifaa kama Moyo, unaofungwa tumboni kwa mama kufuatilia mapigo ya mtoto wakati wa uchungu, na midoli ya kufanyia mazoezi ya kumzalisha mama na kumsaidia mtoto asiyepumua. Wakunga walifanya mazoezi hayo mara kwa mara palepale kazini, badala ya kwenda semina ya siku tatu hotelini. Matokeo ya hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, yaliyoandikwa na Dk. Benjamin Kamala na wenzake mwaka 2025, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kwa asilimia 40, na vya kina mama kwa takriban asilimia 75.

Pamoja na hayo, fedha zinazokwenda huku duniani ni kiduchu. Ukiacha saratani, ni takriban asilimia moja tu ya fedha za utafiti na uvumbuzi wa afya inayokwenda kwenye maradhi ya wanawake pekee. Agosti 2025 mfuko wa Gates uliahidi dola bilioni 2.5 hadi mwaka 2030 kwa ajili hiyo. Ni nyingi, lakini mwaka huohuo Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi ya afya Afrika Mashariki ikaachwa njiani.

Ndiyo maana swali la mafuta lina uzito. Fedha za hisani zinafaa kuanzisha jambo. Kuliendesha kila usiku, mwaka baada ya mwaka, kunahitaji bajeti ya nyumbani, na kwenye m-mama Serikali ilikubali kubeba gharama za uendeshaji. Dereva jamii anayecheleweshewa malipo atazima simu yake, na haitakuwa haki kumlaumu.

Takwimu zinaonyesha kilicho mezani. Mwaka 2015/16 utafiti wa kitaifa ulihesabu vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 104.

Ucheleweshaji wa kwanza umebaki nyumbani. Damu kutoka ukeni, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza: lolote kati ya haya ni la kupigia 115 saa ileile, bila kungoja shemeji arudi wala kupambazuke. Namba iandikwe kwenye jalada la kadi ya kliniki, na wote wanaolala nyumba ile waijue, pamoja na mtoto mkubwa anayeweza kutumia simu. Na madiwani wa Kibaha wanapokaa kupitisha bajeti ya halmashauri, mzazi wa Mbwawa ana haki ya kumuuliza wake: mwaka huu madereva jamii wametengewa kiasi gani?