Mkono wa Molekuli (4): Mwarobaini, Nzige na Miaka 22 ya Steven Ley

Jumatano, tarehe 6 Oktoba 2021, ilitangazwa kule Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo wamepewa Benjamin List wa Ujerumani na David MacMillan, mzaliwa wa Scotland anayefundisha Marekani. Redio iliyokuwa barazani kwetu hapa Bamburi iliisoma habari hiyo kwa sentensi mbili, ikarudi kwenye siasa. Niliumia. Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua kwa nini: wawili hawa wametuzwa kwa kazi ileile ninayoieleza hapa, kazi ya kuunda molekuli za mkono mmoja bila kuchanganya na za mkono wa pili.

Sitarudia yote: kuna molekuli zenye maumbo mawili, la kushoto na la kulia, kama viatu. Niliwahi kusimulia habari ya muumini aliyetoka msikitini na makubadhi mawili ya kushoto. Ngozi ni moja, mshono ni mmoja, ukubwa ni mmoja, na bado alichechemea mpaka nyumbani. Mwili wa kiumbe hai nao ni mguu wa namna hiyo, na dawa ya mkono usiofaa haiuingii.

Leo naanza na mti. Mama yangu alikuwa na debe la kunde chini ya kitanda, na kila alipolijaza alitandika majani makavu ya mwarobaini, safu ya kunde, safu ya majani. Tulipokwenda kuchota tulikuta vidole vimebaki na uchungu, na kunde hazina tundu hata moja. Mama hakusoma kemia, lakini alijua kwamba ndani ya mti ule mna kitu ambacho mdudu hakitaki. Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi, ila sisi watu wa pwani tumeshauita kwa jina letu, kwa yale maradhi arubaini tunayosema unatibu.

Mwaka 1959 Mjerumani mmoja mtaalamu wa wadudu, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan nzige walipoteremka. Walikula kila jani wakaiacha miarobaini imesimama na kijani chake. Miaka tisa baadaye, mwaka 1968, David Morgan na mwenzake Butterworth wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walikitoa kile kitu kutoka kwenye mbegu wakakiita azadiraktini. Nzige wa jangwani akipewa karatasi iliyochovywa maji ya sukari huitafuna. Ikitiwa azadiraktini, hata chembe ndogo mno, huiacha akashinda na njaa.

Sasa ndipo kazi ilipoanza. Molekuli hiyo ina kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16, na ndani yake mna sehemu 16 ambazo kila moja yaweza kuelekea kushoto au kulia. Chukua kalamu uandike mbili kumi na sita, uzizidishe zote pamoja: utapata 65,536. Hiyo ndiyo idadi ya maumbo yanayowezekana, na mwarobaini hutengeneza moja, daima lilelile, mti uwe Bamburi au uwe Chennai. Ilichukua mpaka mwaka 1985 wanakemia kukubaliana umbo hilo ni lipi.

Mmoja wa waliolitafuta aliijua Kenya vizuri, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwani hii ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1967 Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu aliyezaliwa papa hapa Mombasa mwaka 1931 na kuhitimu udaktari wake Cambridge, aliandika katika jarida la Science la Marekani akidai Afrika Mashariki ijenge kituo chake cha utafiti wa hali ya juu. Hakungoja kuletewa. Kufikia mwaka 1970 kituo kilikuwa kimezaliwa Nairobi, kile tunachokiita ICIPE, na Odhiambo akawashawishi magwiji wa dunia wawe wakurugenzi wake wa utafiti, wakija na kurudi, huku vijana wao wakiishi na kufanya kazi papa hapa. Kwa upande wa kemia alimpata huyo niliyemdokeza, mmoja wa waliolitafuta umbo la azadiraktini: Koji Nakanishi, Mjapani wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtu ambaye pia alikuwa hodari wa mazingaombwe na aliwastaajabisha wenzake mikutanoni. Nakanishi, pamoja na Nobuyuki Harada, ndiye aliyeendeleza njia ya kutumia mwanga unaozunguka kujua molekuli ni ya kushoto au ya kulia.

Vijana wake wa Nairobi, akiwamo Isao Kubo, walifuata mimea ambayo wenyeji waliitumia na wadudu waliikwepa. Mwaka 1976 walitangaza warburganali, kutoka miti ya jamii ya msokonoi ambayo gome lake huwaka ulimini kama pilipili, na ambayo viwavijeshi hawaigusi. Mwaka huohuo wakatangaza ajugarini kutoka kimea kidogo kiitwacho Ajuga remota, ambacho watu wa huku hukitumia kwa homa. Majina hayo yakasomwa Tokyo, New York na London. Na London ndiko alikokuwa mtu wetu wa leo.

Steven Ley alizaliwa Uingereza mwaka 1945. Alipokuwa Imperial College, mwaka 1983, yeye na wenzake walichapisha jinsi walivyoiunda ajugarini ya kwanza kutoka mwanzo, ndani ya chupa, bila mmea. Mwaka 1987, pamoja na William Griffith, alitoa kichocheo cha madini ya ruteni kiitwacho TPAP, ambacho hugeuza alkoholi kuwa aldehidi kwa upole, bila kuvunja sehemu nyingine za molekuli. Kinatumika katika maabara duniani kote hadi leo, na kingemtosha mtu kujivunia maisha yake yote. Yeye alikuwa tayari ameshaanza safari nyingine tangu 1985: kuiunda azadiraktini.

Safari hiyo ilichukua miaka 22. Alihama Imperial akaenda Cambridge mwaka 1992, akahama na kazi yake. Watafiti zaidi ya 40 walipita mikononi mwake, wengine wakahitimu na kuondoka kabla ya kuona mwisho. Walikata shauri kuiunda kwa mapande mawili halafu wayaunge, lakini pale pa kuungia palisongamana atomi kiasi kwamba mapande yalikataa kukutana, wakalazimika kutafuta njia ya kuzunguka. Mwaka 2007 wakafika, baada ya hatua zaidi ya 60. Mtu atauliza faida iko wapi, na mbegu zaanguka bure. Faida ni njia zilizobuniwa humo, na ni ujuzi wa hao watu zaidi ya 40. Kijana wa siku hizi anayetaka jibu kabla ya Ijumaa na aisome habari hii mara mbili.

Kuhusu List na MacMillan, kwa ufupi: mwaka 2000, kila mmoja kwake, walionyesha kwamba molekuli ndogo ya kaboni yaweza kuwa kichocheo na kuchagua mkono, bila madini ya bei ghali na bila kimeng'enya kikubwa. List alitumia prolini, ambayo imo katika nyama na maharagwe tunayokula. Nitaieleza kazi yao katika sehemu ijayo.

Nafasi inaniishia na bado sijasema lililo karibu. Desemba 2019 nzige waliingia Kenya kutoka Somalia, wengi kuliko walivyoonekana kwa miaka 70, na ndege zikamwaga dawa zilizonunuliwa nje. Mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yetu, mwarobaini wa zamani umekatwa kupisha ukuta. Odhiambo alituonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba gwiji wa Columbia anaweza kuja kujifunza kwetu. Navisihi Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor: fungueni maabara ya mimea ya pwani, mfundishe humo mkono wa molekuli kwa Kiswahili, na wa kwanza kualikwa wawe akina mama wenye madebe ya kunde.