Wasifu wa Viongozi na Historia ya Olenguruone

Wasifu wa kiongozi haufai kusomwa pekee. Sharti uwekwe kando ya historia ya watu wa kawaida. Tuchukue Olenguruone, katika eneo la Kuresoi. Mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuzihamishia huko familia za Wagikuyu. Zilipoyakataa masharti ya ukulima na umiliki wa ardhi, zililishana kiapo cha umoja. Kufikia mwaka wa 1950 zilikuwa zimefukuzwa. Tabitha Kanogo aliyafafanua hayo katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau. Andrew Morton alichapisha wasifu wa Rais Moi mwaka wa 1998, miaka 6 baada ya mapigano ya kikabila kuzikumba Molo na Olenguruone. Kitabu cha Kanogo ndicho kinachomweleza msomaji ugomvi wa ardhi ulianzia wapi.

Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Mkipsigis, Mgikuyu na Mwogiek wa Kuresoi hukutana sokoni kwa Kiswahili. (Hata Joseph Thomson, msafiri wa 1883, aliandamana na Jumbe Kimemeta wa Pangani; kitabu kikawa cha Thomson.) Mfasiri na aanze na habari za Olenguruone.