Milimita isiyowasamehe washika bunduki

UKIINGIA kibanda umiza chochote Unyambwa, Manispaa ya Singida, siku ambayo Arsenal imetoka suluhu, utani ni uleule: bunduki ipo, risasi hakuna. Shabiki wa Manchester United ndiye anayeanza, wa Chelsea anamalizia, na Mwana-Arsenal wa watu anabaki kashika tama akisubiri wiki ijayo.

Lakini risasi kwenye historia ya timu hiyo si utani. Mwaka 1886 wafanyakazi wa karakana ya Dial Square, ndani ya kiwanda kikubwa cha silaha cha Royal Arsenal pale Woolwich, London, walichanga hela wakaanzisha timu. Desemba 11 mwaka huohuo wakacheza mechi yao ya kwanza na kuifumua Eastern Wanderers mabao 6-0. Ndani ya kiwanda hicho kulikuwa na idara iliyoitwa Royal Laboratory, na kazi yake ilikuwa kutengeneza risasi. Kwa hiyo majirani wa kazi wa wale waasisi walikuwa watu wa kupima na kupima tena, maana risasi ikizidi au ikipungua urefu kidogo tu, mambo yanaharibika.

Yanaharibika vipi? Chukua risasi ya bastola inayojulikana zaidi duniani, ya milimita 9, iliyobuniwa na Muustria Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita. Ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ya kuwasha pale chini, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Kutoka kitako cha ganda mpaka ncha ya kichwa, urefu wake haupaswi kuzidi milimita 29.69. Hiyo ni sawa na kusema mstari wa goli umechorwa, ukivuka umevuka.

Kwenye nchi kama Marekani, walengaji wengi hawanunui risasi za dukani. Wanaokota maganda waliyokwisha kufyatua, wanayatia fataki, baruti na kichwa kipya, mezani nyumbani kwao. Wanafanya hivyo kwa sababu bei inashuka, na kwa sababu kwenye mashindano ya bastola mtu anataka kila risasi ifanane na mwenzake. Afrika Mashariki mchezo huo si mgeni, Wakenya wana uwanja wa kulengea shabaha Kirigiti, Kiambu.

Sasa mlengaji anapokaa kutengeneza, kuna swali moja linalomtoa jasho: kichwa kizame ndani ya ganda kiasi gani?

Akikiacha nje sana, risasi inakuwa ndefu. Haitaingia kwenye magazini, au itaingia halafu kichwa kigote kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu kabla bastola haijafunga vizuri. Hapo silaha inakwama. Kwenye mashindano yanayohesabu sekunde, hiyo ni sawa na straika kubaki na kipa halafu kiatu kikamtoka.

Akikizamisha sana, balaa lingine, na hili ndilo baya zaidi. Mpira namba tano wa kwenye ligi, kwa sheria, unajazwa upepo wa shinikizo la 0.6 hadi 1.1 za angahewa. Upepo wote wa mpira huo ukiusukumia kwenye mpira namba tatu wa watoto, utapasuka au utakuwa jiwe. Hujaongeza upepo hata kidogo, umepunguza nafasi tu. Baruti nayo iko hivyo. Kipimo ni kilekile, ila kichwa kikishuka ndani, chumba cha moto kinabana na shinikizo linapaa.

Linapaa kiasi gani? Kampuni ya Speer ya Marekani, inayotengeneza vichwa vya risasi, iliwahi kulipima jambo hilo na kuliandika kwenye kitabu chake cha mafunzo. Kichwa cha risasi ya milimita 9 kilizamishwa zaidi kwa inchi 0.030, yaani robo tatu ya milimita. Shinikizo lilitoka 28,000 likafika 62,000 kwa kipimo walichokuwa wakitumia. Limezidi mara mbili kwa tofauti ambayo jicho halioni! Bastola haikuundwa kubeba mzigo huo, na aliyeishika ana vidole na macho karibu nayo.

Ndiyo maana wanaojua kazi hawakisii. Wanatumia kalipa, kile kipimo ambacho hata fundi wa pikipiki anacho, na wanafuata kitabu cha mtengeneza baruti. Tena hawachukui urefu wa kichwa kimoja wakauhamishia kwenye kingine, kwa sababu kichwa cha duara na kile bapa havifiki kwenye mifereji sehemu moja. Kufanya hivyo ni kama kuazima njumu za mwenzako kwa sababu tu mnacheza namba moja.

Kabla ya yote, wanaunda risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki. Mtutu unafunguliwa, unasimamishwa wima, na ile risasi inadondoshwa ndani. Ikitua yenyewe kwa mlio mfupi, na ikazunguka ukiigusa kwa kidole, urefu umekubali. Ikinasa, inafupishwa kidogokidogo, bila kuvuka kiwango cha chini kilichoandikwa kitabuni.

Hata risasi ya dukani haijapona. Mtu akiipakia na kuitoa, akiipakia na kuitoa, kichwa hugongwa kila safari na kinaweza kurudi ndani polepole.

Kwa Tanzania haya yabaki kuwa maarifa tu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mtu ruhusa ya kujitengenezea risasi sebuleni, na anayecheza na baruti bila kibali atakutana na polisi kabla hajakutana na shabaha.

Arsenal wenyewe waliondoka Woolwich mwaka 1913, wakahamia Highbury, upande wa pili wa jiji. Kiwanda kikabaki nyuma, mzinga ukabaki kwenye nembo. Unyambwa wanasubiri mechi ya wikiendi kuona kama safari hii utalia.