Ushairi Hujifunzwa kwa Sikio

Katika miji ya Waswahili, kutunga hakukuanzia daftarini. Mtoto aliyekulia nyumba ya washairi alizisikia tenzi zikighaniwa kabla hajajua kusoma. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927, aliuchota ushairi kwa bibi yake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alilelewa na babu aliyekuwa mtunzi.

Mahadhi ndiyo yaliyofundisha mizani, yaani hesabu ya silabi. Mshororo wa utenzi huchukua mizani 8. Ikizidi moja tu, sauti ya mghani hukwama na wasikilizaji hutazamana. Mshororo wa shairi la tarbia, lenye mishororo minne kwa ubeti, hubeba 16, yaani 8 za ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 za utao (cha pili), kila kipande na kina chake. Anayekosea huambiwa ametunga guni.

Pamoja na mizani, mwanafunzi alirithi adabu. Kwa kawaida utenzi hufunguliwa kwa jina la Mungu, na aghalabu mtunzi huagiza wino na karatasi ndani ya beti zenyewe. Wino na karatasi ndivyo alivyoagiza Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858, alipomwachia binti yake wosia.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa kujibizana. Lamu na Mombasa zilipozozana mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu. Anayejibu hufumbua fumbo la mwenzake, na akitaka kuonyesha umahiri hufuata bahari na vina vilevile alivyopewa. Hapo hakuna pa kujificha: mji mzima husikia nani kapwaya. Magazeti yaliupokea mchezo huo. Katika Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, washairi waliulizana na kujibiana kurasani.

Sheikh Amri Abedi alipochapisha kitabu cha sheria za kutunga mwaka 1954, alikuwa akiandika yale ambayo masikio yalikuwa yameyatii kwa karne nyingi. Shule nyingi leo zimeugeuza mwendo huo wa sikio kabla ya kitabu. Mwanafunzi huhesabu silabi, hutaja bahari, hupata alama zake, na huenda akamaliza masomo bila kughani ubeti wala kujibiwa na mtu. Huyo ni mchambuzi, si mtunzi. Mwalimu anayetaka malenga na awaghanishe wanafunzi kwanza, kisha awagawe pande mbili: huku wafumbe, kule wafumbue. Kitabu cha sheria kitawafaa watakapoanza kubishana nani katunga guni.