Kanisa la Rungwe na Kijiji cha Marika

Makanisa ya zamani ya Moravian wilayani Rungwe husimuliwa kama kazi ya Wajerumani. Mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake walifungua misheni chini ya Mlima Rungwe, na miaka mitatu baadaye ikafuata ya Rutenganyo. Hayo ni kweli, ila yanatueleza aliyeleta ramani tu. Kwa nini Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, waliipokea? Nadhani ni kwa sababu ukumbi wa kanisa uliwapanga watu kwa namna waliyokwisha kuizoea.

Wamoravian wa Herrnhut, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 huko Saxony, hawakujenga madhabahu ya fahari. Walijenga ukumbi mweupe, mbele meza, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Waumini waligawanywa kwa umri, jinsia na ndoa, kila kundi na kiongozi wake. Sasa tugeukie Unyakyusa. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko miaka ya 1934 hadi 1938, walikuta wavulana wa miaka kama kumi wakijijengea vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakilala huko na kurudi kula kwa mama zao. Wakikua walioa hukohuko, na kibanda cha mchezo kikawa kijiji cha rika moja. Mke naye alikuwa na mwiko mzito wa kumkwepa baba mkwe: asimtazame, asikutane naye njiani. Kwa watu wa namna hiyo, jengo linalochanganya familia nzima kwenye benchi moja lingekuwa aibu tupu. Lenye pande mbili lilivumilika, na makundi yenye wazee wake hayakuhitaji maelezo marefu.

Yuko atakayesema kwamba tofali, pembe nne na kengele ni vitu vya kigeni, na kwamba misheni ndiyo iliyovunja vijiji vya marika kwa kuwakusanya waongofu kwenye ardhi yake, chini ya kanuni zake, na kuwakataa wenye wake wengi. Sehemu ya pili siipingi. Kijiji cha Kikristo kilichanganya baba na mwana, na hilo lilikuwa badiliko kubwa. Ya kwanza ni nyepesi. Msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 alisifu usafi na ufundi wa nyumba za Wanyakyusa, na nyumba zao nyingine zilikuwa ndefu, za mianzi na udongo, zenye nafasi ya ng'ombe ndani. Pembe nne hazikuwa ajabu kwao. Tofali la kuchoma nalo lilijitetea lenyewe mahali ambapo mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Leo tanuru za tofali ziko kando ya barabara, na wanaozichoma hawafikirii Ujerumani. Kisha mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwakamata wamisionari Wajerumani, na waumini wenyewe wakaendelea kukusanyika. Kitu cha kuazima kingeachwa siku ile.

Ramani ya Herrnhut ilikwama makaburini. Wamoravian hulaza wafu katika uwanja mmoja, mawe bapa yanayolingana, tajiri na maskini bila tofauti, na alfajiri ya Pasaka husali hapo. Wanyakyusa waliipenda Pasaka hiyo, lakini wengi hata leo humzika mtu wao nyumbani, karibu na migomba, kwa msiba mkubwa wa kuchinja ng'ombe na umati wa ukoo. Walichagua. Kilichofanana na maisha yao kilichukuliwa, na kilichomtenga marehemu na ukoo wake kilipokewa nusu, mchungaji apende asipende.

Kwa hiyo ushirika unapochangishana kubomoa kanisa kuukuu ili uweke vigae na madirisha ya alumini, mabishano ya kuhifadhi tofali za Wajerumani yanaanzia pabaya. Ukuta unaweza kujengwa upya. Fundi apewe kwanza mchoro wa mahali kila kundi linapoketi, ndipo aulizwe bei ya mabati.