Matabaka ya Mitandao ya Kompyuta: Chimbuko, Maendeleo na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika mtaa wa Pipeline, Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi, majengo ya kupangisha yamesongamana, mengi yakiwa na ghorofa saba au zaidi pasi na lifti. Mpangaji wa ghorofa ya juu anayetaka kumpelekea mamake barua Mombasa si lazima asafiri. Huiandika, akaitia katika bahasha, kisha kijana huiteremsha hadi kituo cha matatu na kuifikisha mjini. Huko, karani wa kampuni ya mabasi huitia katika mfuko wa vifurushi na kuandika stakabadhi, na basi likasafiri usiku kucha. Karani hasomi barua. Dereva hajui yaliyomo mfukoni. Mama naye hana haja ya kujua basi lilipita njia gani. Isitoshe, kampuni ikiamua kutumia gari moshi badala ya basi, mwandishi habadilishi hata neno moja la barua yake.

Mpangilio huu ndio msingi wa mitandao ya kompyuta. Makala haya yananuia kueleza chimbuko la modeli za matabaka, jinsi zilivyokua, na funzo lake kwa Kenya na kwa lugha ya Kiswahili.

Chimbuko la matabaka

Mtandao wa ARPANET ulianza nchini Marekani mwaka 1969 ukiunganisha vituo vinne. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles ilijaribu kutuma neno "LOGIN" kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Herufi mbili za kwanza zilifika, kisha mtambo wa upande wa pili ukakwama.

Tatizo kuu halikuwa waya. Kompyuta za wakati huo zilitengenezwa na kampuni tofauti na hazikuelewana. Jukumu la kuandaa itifaki, yaani kanuni za mazungumzo baina ya kompyuta, liliangukia kundi lililokuwa na wanafunzi wengi wa uzamili. Mmoja wao, Steve Crocker, aliandika waraka wa kwanza mnamo Aprili 1969. Nyaraka hizo ziliitwa "Maombi ya Maoni", jina la unyenyekevu lililochaguliwa ili yeyote aweze kuchangia. Kundi hilo lilitambua kwamba kazi ingerahisika iwapo ingegawanywa: itifaki moja ya kuunganisha kompyuta na kompyuta, na juu yake itifaki nyingine za kazi mahususi kama vile kuhamisha faili.

Mwaka 1974, Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha pendekezo la kuunganisha mitandao yenye maumbile tofauti. Awali, itifaki yao ya TCP ilibeba kazi zote mbili: kuelekeza pakiti za data na kuhakikisha kwamba zimefika kamili. Mwaka 1978 kazi hizo zilitenganishwa. IP ikabaki na anwani na njia. TCP ikabaki na kuhesabu pakiti, kuzipanga na kuomba zile zilizopotea zitumwe tena. Utengano huo ulikuwa na faida kubwa. Sauti, kwa mfano, huhitaji kufika upesi kuliko kufika kamili, kwa hivyo inaweza kutumia IP bila kulazimika kupitia TCP. Tarehe 1 Januari 1983, ARPANET nzima ilihamia itifaki hizo mpya.

Ushindani wa modeli mbili

Wakati huohuo, Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilianza kazi yake mwaka 1977 na kuchapisha modeli ya OSI mwaka 1984. Modeli hiyo ina matabaka saba. Kutoka chini ni tabaka la umbile, la kiungo cha data, la mtandao, la uchukuzi, la kikao, la uwasilishaji na la matumizi. Kila tabaka huhudumia lililo juu yake na kuhudumiwa na lililo chini yake.

OSI iliungwa mkono na serikali na kampuni kubwa za simu, lakini wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kamati zilikuwa nyingi na majadiliano yakachukua miaka. TCP na IP, kwa upande mwingine, zilikuwa tayari zinafanya kazi na nyaraka zake zilisomwa na kila mtu bila malipo. Waraka wa mwaka 1989 uliorasimisha mahitaji ya kompyuta za intaneti ulitaja matabaka manne tu: kiungo, intaneti, uchukuzi na matumizi. Itifaki za OSI zilififia katika miaka ya 1990. Hata hivyo, matabaka yake saba yangali yanafundishwa vyuoni, kwa kuwa yanampa mwanafunzi msamiati wa kueleza hitilafu imetokea wapi.

Hali nchini Kenya

Kenya inatoa ushahidi bayana wa manufaa ya matabaka. Hadi mwaka 2009, intaneti ya nchi hii ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu. Mwaka huo kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Tabaka la chini kabisa lilibadilika kutoka angani hadi baharini, lakini mtumiaji wa baruapepe katika saiba ya Pipeline hakuhitaji kubadilisha anwani wala programu yake. Alichokiona ni kasi tu.

Aidha, historia ya nchi hii inaonyesha kwamba matabaka hayaendeshwi na ufundi pekee. Kabla ya kuwapo kwa kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti hadi kwa mteja wa nyingine, hata kama walikuwa majirani, uliweza kupaa hadi ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Kituo cha KIXP kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000 ili kuondoa mzunguko huo. Kilifungwa mnamo Desemba mwaka huohuo kwa amri ya tume ya mawasiliano, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya ukiritimba. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya kupewa leseni. Itifaki hazikuwa na kasoro yoyote. Kizuizi kilikuwa cha kisheria.

Suala la istilahi

Je, dhana hii iitwe nini kwa Kiswahili? Maneno matatu hushindania nafasi hiyo. "Safu" hudokeza vitu vilivyopangwa kwa mstari, kama safu ya milima, na haibebi vyema maana ya kimoja kukaa juu ya kingine. "Ngazi" hudokeza cheo, ilhali tabaka la juu la mtandao halina mamlaka juu ya la chini. "Tabaka" huafiki zaidi, kama yalivyo matabaka ya ardhi, ambapo kila moja hulala juu ya jingine na kulitegemea. Kasoro yake ni kwamba wanafunzi wa fasihi wamezoea kulihusisha na mgawanyiko wa kijamii. Hata hivyo, muktadha hutosha kuondoa utata huo.

Suala hili si dogo. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kuingia katika teknolojia kwa kuwa teknolojia imeundwa kwa Kiingereza. Modeli ya matabaka inakanusha dai hilo. Pakiti haina kabila wala lugha. Ruta husoma anwani, haisomi maneno. Lugha ya mtumiaji hukaa juu, katika tabaka la matumizi, na huko mlango u wazi. Wikipedia ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 2003, hapakuwa na haja ya kubadilisha waya wala itifaki yoyote. Kilichohitajika ni waandishi.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba modeli za matabaka zilizaliwa na haja ya kuwawezesha wasiofanana kushirikiana, na kwamba zilidumu kwa kuwa kila tabaka liliweza kubadilika bila kuyavuruga mengine. Waanzilishi wake wengi walikuwa wanafunzi walioandika nyaraka na kuomba maoni. Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana wajibu wa aina hiyohiyo: kupendekeza istilahi, kuzijaribu katika maandishi na kuwaachia wenzake wazikosoe. Matabaka ya chini yamekwisha kujengwa, na kebo zimefika Mombasa. Kazi iliyobaki ni ya tabaka la juu, na haiwezi kufanywa na mhandisi peke yake.