Kutayarisha Faili la Kupeleka kwa Mpiga Chapa

Uwe na rula karibu nawe, maana utaihitaji.

Tuseme kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimechanga fedha ili kupiga chapa nakala 1,000 za kijitabu cha masharti yake. Kijana mwenye kompyuta amekipanga vizuri, na kwenye kioo cha kompyuta kila mwanachama amekisifu. Vijitabu vinaporudi kutoka kiwandani, kijani cha jalada kimefifia, picha ina ukungu, na herufi ya mwisho ya jina la kikundi imekatwa. Mpiga chapa atasema kwamba alichapa alicholetewa, na aghalabu atakuwa amesema kweli. Fedha zimekwisha, na vijitabu ni elfu moja.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiyo iwadanganyayo watu zaidi. Kioo cha kompyuta ni taa. Hutoa mwanga wa namna tatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, na kwa kuichanganya twaona rangi nyingine. Karatasi haitoi mwanga wo wote. Huungoja mwanga wa jua au wa taa uiangukie, na wino ulio juu yake humeza sehemu ya mwanga huo. Wino wa kiwandani kwa kawaida ni wa rangi nne: samawati, waridi iliyokolea ambayo wapiga chapa huiita majenta, manjano, na nyeusi. Kwa hiyo ziko rangi ambazo taa yaweza kuzitoa na wino huo hauwezi kuzifikia, hasa kijani king'aacho na rangi ya machungwa iliyo kali. Ukiliacha faili katika rangi za taa, hapana budi zigeuzwe huko kiwandani, nawe hutakuwapo. Afadhali uzigeuze mwenyewe katika programu yako, uone mapema kijani kitapungua namna gani, na kama hakikupendezi uchague kingine. Ikiwa programu yako haina rangi za wino, mwulize mpiga chapa kabla ya kuanza.

Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa rangi zote nne, hapana budi zote ziangukie mahali pamoja kabisa, na karatasi ikisogea kidogo tu, kila herufi itapata kivuli cha rangi.

Sasa chukua rula. Ukurasa wa A5, ambao ni nusu ya A4, una upana wa milimita 148 na urefu wa milimita 210. Ikiwa jalada lako lina rangi mpaka ukingoni, ukurasa wake katika faili uwe 154 kwa 216, yaani rangi ipite ukingo kwa milimita 3 kila upande. Sababu yake ni kisu. Kiwandani hawakati karatasi moja moja. Hukata rundo zima, na rundo husogea. Pasipo ziada ile, kisu kikikosea nusu milimita utaona uzi mweupe pembeni mwa jalada. Na kwa kuwa chaweza kukosea kuelekea ndani vile vile, yaweke maandishi ndani ya ukingo kwa milimita 5 au zaidi. Ile herufi ya mwisho ilipotelea hapo.

Picha nayo ina hesabu yake. Picha ya kompyuta ni nukta zilizopangwa, na kipimo cha kawaida cha kazi nzuri ni nukta 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa nukta 600 yatosha inchi 2 tu. Ukitaka ienee upana wote wa jalada letu pamoja na ile ziada, yahitaji nukta kama 1,820. Kuivuta ikue hakuongezi kitu. Ni kutia maji katika uji ule ule. Jihadhari na picha zilizotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani hupunguzwa njiani. Mwombe aliyeipiga akutumie kama hati.

Peleka PDF, na mitindo ya herufi iwemo ndani yake. Isipokuwamo, kompyuta ya kiwandani yaweza kuweka herufi nyingine, na mistari yote ikahama. Wapiga chapa wengi hupenda namna ya PDF iitwayo PDF/X, iliyowekewa masharti kwa ajili yao. Angalia pia kama programu yako imeambiwa kwamba maandishi ni ya Kiswahili. Isipoambiwa, yaweza kukata neno mwishoni mwa mstari kwa desturi ya Kiingereza, ukapata “nyum-ba” badala ya “nyu-mba”. Mimi jambo hili huniudhi kuliko rangi iliyofifia.

Kurasa za kijitabu cha kushonwa kwa pini zigawanyike kwa 4. Zipeleke kwa mfuatano wa kusomwa, moja moja. Kuzipanga juu ya karatasi kubwa ni kazi ya kiwanda.

Mwisho, omba nakala ya majaribio iliyo katika karatasi, uisome pamoja na mtu ambaye hajakiona kijitabu kabla, majina na tarakimu za fedha kwanza. Usitie sahihi siku hiyo hiyo. Ukiisha kutia sahihi, kosa utakaloliona baadaye ni lako kulilipia.

Juma lijalo tutazungumza juu ya uzito wa karatasi. Kwa herini.